Sala ya Kaunti Themanini na Mbili

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, tangu nukta ya kwanza hadi ya mwisho. Sijatia chumvi, sijazimua kwa maji. Atakayekuta humu neno moja la uongo, nitaosha masufuria yote ya jiko la Kanisa la Mlima Nebo siku ya sikukuu ya wahudumu, peke yangu, pamoja na lile karai la kukaangia samaki ambalo wanaume wawili hulibeba wakipokezana. Jimbo silitaji. Ni huku kwetu Kusini, kwenye pamba na udongo mwekundu, na baadhi ya wahusika wangali hai na wana mawakili.

Basi, Ijumaa moja ya mwezi Machi, mwaka sabini na saba, Mchungaji Leander Pettiford alikuwa amejifungia chooni kwenye jengo la bunge la jimbo, akikoroga kijiko cha magadi ndani ya bilauri ya maji. Tumbo lilikuwa linamsokota tangu alfajiri. Tumbo la Mchungaji lilikuwa na tabia ya kupata habari mbaya kabla ya mwenyewe kuzipata. Lilimsokota usiku ule kanisa lilipochomwa moto, mwaka sitini na nne, saa nzima kabla hajaona moshi. Jumapili iliyofuata alihubiri amesimama juu ya majivu yaleyale, majivu bado yana moto, mpaka soli za viatu vyake zikayeyuka na mashemasi wakambandua kwa koleo. Nimesema ni kweli tupu.

Alikunywa magadi, akajifuta mdomo, akahesabu tena kwa vidole, ingawa hesabu ilikuwa haibadiliki. Wabunge tisini na tisa. Arobaini na tisa walikuwa upande wake. Arobaini na tisa walikuwa upande wa Spika. Aliyebaki mmoja alikuwa Mheshimiwa Clovis Beasley, mweusi mwenzake kutoka kaunti ya mtoni, kura yake ya uhakika. Na Beasley alikuwa hajafika.

Kura zikilingana, muswada unakufa. Na bunge lile lilikuwa linafungwa siku hiyohiyo saa sita mchana, kwa sheria, mpaka mwaka mwingine.

Muswada wenyewe ulikuwa mfupi, ungeenea nyuma ya bahasha. Ulisema hivi: jina lililokwisha kuandikwa katika kitabu cha wapiga kura halifutwi mpaka mwenyewe afe au ahame. Basi. Lakini kaunti ya Tarver, kwao Mchungaji, ilikuwa imetoa amri kwamba kila mpiga kura aje ajiandikishe upya, mwenyewe kwa miguu yake, katika jengo la mahakama, siku za kazi, saa nne hadi saa sita. Watu wa Tarver saa nne hadi saa sita wako kiwandani wakinyonyoa kuku. Nani angewapa ruhusa? Jumatatu ijayo kitabu kingeandikwa upya, na majina elfu mbili mia moja na arobaini yangebaki nje.

Moja ya hayo lilikuwa jina la Dada Ozella Battle, mkuu wa wahudumu wa kanisa. Dada Ozella alikwenda kujiandikisha mara tatu enzi zile mweusi alipozuiwa kupiga kura. Mara ya kwanza walimfukuza. Mara ya pili walimpa mtihani, wakamwuliza kipande cha sabuni kina mapovu mangapi. Mara ya tatu aliandikwa, na alasiri hiyohiyo akapoteza kazi yake ya upishi ya miaka kumi na tisa. Na wiki mbili zilizopita, Mchungaji, akiwa amepandwa na mzuka wa mimbari, alikuwa amepaza sauti mbele ya kanisa zima: "Jina la Dada Ozella halitafutwa nikiwa hai!" Watu walisimama, wakapiga makofi, wakalia. Yeye alishuka mimbarini akajiuliza, Leander, nani amekutuma useme vile?

Alitoka chooni. Kwenye korido akakutana uso kwa uso na Mheshimiwa Hoyt Cagle.

Cagle alikuwa mzungu wa milimani, mkulima wa tufaha, mrefu kama nguzo ya simu, mwenye masikio mekundu. Ungedhani ni mtu wa kukucheka, kumbe alikuwa mtu wa kukukwepa. Alipomwona Mchungaji akageuka kama anayetafuta mlango, lakini milango yote ilikuwa upande wa pili.

"Usinitazame hivyo, Mchungaji," akasema.

"Sijakuuliza kitu, Bwana Cagle."

"Ndiyo maana nakwambia usinitazame. Ungeniuliza ningekujibu. Ukinitazama nashindwa."

"Haya basi. Hujambo?"

"Nina daraja," Cagle akasema, sauti chini. "Watu wangu wanavuka mto kwa mtumbwi kama wakati wa babu zao. Spika ameniahidi daraja. Wewe ungefanyaje?"

"Ningetaka daraja," Mchungaji akasema.

"Ndiyo hivyo."

"Nilisikia msiba wa mama yako. Pole sana."

Masikio ya Cagle yakazidi wekundu. "Asante. Alikuwa mtu wa kanisa, mama. Miaka hamsini na moja kila Jumapili ananiuliza, Hoyt, lini utakwenda mbele? Mchungaji wetu akiita watu waje mbele kumpokea Bwana, mama ananigeukia. Mimi naangalia viatu." Akaangalia viatu. "Nimevijua viatu vizuri sana."

Akaondoka upesi.

Chini ya ngazi walikuwa wamewasili wahudumu kumi na wawili wa Mlima Nebo, waliotoka Tarver kwa basi la kanisa. Wote wanawake, wote nguo nyeupe, viatu vyeupe, soksi nyeupe, glovu nyeupe. Mlinzi wa mlango alikuwa amewaambia bango haliruhusiwi huko juu kwenye roshani ya wageni, na sauti hairuhusiwi, atakayenena anatolewa. Dada Ozella akamjibu, "Mwanangu, sisi tumekaa kimya kazini tangu hujazaliwa."

Na ni kweli. Wahudumu wa kanisa letu hawasemi ibadani. Wanazungumza kwa mikono. Kiganja kifuani, maana yake subiri, bado. Mkono juu, mgeni amefika. Kiganja kikikata hewa kwa ulalo, mara moja, maana yake viti vimekwisha, hakuna tena. Mtoto wa Mlima Nebo huzijua ishara hizo kabla ya kujua kusoma.

"Umekula, Mchungaji?" Dada Ozella akamwuliza.

"Nimekula."

"Muongo. Ungekuwa umekula, tai yako ingekuwa na makombo. Shika." Akamtia peremende mkononi. "Beasley yuko wapi?"

"Njiani."

"Njiani wapi?"

"Dada Ozella, ningejua njiani wapi ningekwenda kumbeba mgongoni."

Alimtazama kwa makini. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye kwenda kama anayebeba sinia lisimwagike. "Utasema nini huko ndani?"

"Spika ameweka muswada wetu wa kwanza. Anajua Beasley hayupo. Wakishafungua kikao tu, anaita kura."

"Kabla ya kura kuna nini?"

"Sala."

"Nani anasali?"

Mchungaji akaigeuza ile peremende kiganjani. Kila siku ya kikao Spika alimpa sala mbunge mmoja aliye mchungaji, na mara kwa mara alikuwa akimpa yeye, kama mtu anavyoweka ua mezani wageni wakija. Mchungaji alikuwa hapendi. Mara nyingi alikataa. Asubuhi hiyo Spika alikuwa amemtumia karatasi: *Leo utufungulie.*

"Mimi," akasema.

"Kanuni za humu zinasema sala iwe dakika ngapi?"

"Hazisemi."

Dada Ozella akavuta glovu zake, kidole kimoja kimoja. "Basi nitakaa mbele kabisa roshani, katikati. Dada Vesta nitamweka koridoni karibu na simu. Wewe usali. Jicho moja unaweza kulifungua kidogo, nakujua, hufanya hivyo sadaka ikipita."

*

Ukumbi ulijaa. Spika Wendell Stribling alikaa juu na nyundo yake, mtu mwenye uso wa kupendeza na meno ya kununua. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma yake, kubwa, yenye mshale wa dakika uliokuwa ukiruka badala ya kutembea. Ilikuwa saa nne na dakika tano.

"Mheshimiwa Mchungaji Pettiford atatuombea," Spika akasema. "Kwa ufupi, Mchungaji. Mungu ana shughuli leo, na sisi pia."

Wakacheka. Mchungaji akapanda kwenye meza ya mbele, akashika kingo zake mbili, akafumba macho.

Mpango wake ulikuwa wa wasiwasi mtupu, hata kuuita mpango ni kuupamba. Akisali kifupi, Beasley hatakuwa amefika na muswada unakufa. Akisali mno, saa sita itafika, bunge litafungwa, na muswada unakufa vilevile. Kuita majina tisini na nane na kila mmoja ajibu ilikuwa dakika nane, tisa. Kwa hiyo ilimbidi anyamaze kabla ya saa sita kasorobo, hata iweje. Katikati ya hapo alikuwa na sauti yake tu.

Alianza taratibu. Akashukuru kwa mvua. Akashukuru kwa jua baada ya mvua. Akawaombea wagonjwa, wajane, nyumbu na wenye nyumbu. Dakika kumi zikaenda. Spika akakohoa. Mchungaji akafungua jicho la kushoto kiasi cha uzi: kule juu Dada Ozella, kiganja kifuani. Bado.

Na hapo ndipo lilipomjia. Jimbo letu lina kaunti themanini na mbili. Akaanza kuziombea moja moja, kwa alfabeti.

"Na ikumbuke, Bwana, kaunti ya Abbott, mito yake na visima vyake..."

Mbunge wa Abbott akasema amina. Wa pili akasema amina. Wabunge wakaanza kusikiliza. Huku kwetu hakuna mtu anayetaka kura tena akakatiza sala, majuma ya kuelekea Pasaka, waandishi wa magazeti wamejaa pembeni na kalamu zao. Lakini zaidi ya hapo, kila mmoja alikuwa anangoja kaunti yake. Nani angekubali sala ikatwe kwenye herufi D, ilhali yeye anatoka kaunti ya K? Mheshimiwa mmoja aliyeinuka kwenda nje alivutwa koti na mwenzake: "Kaa bwana, tunakuja kwenye yako."

"Chukua muda wako, Mchungaji!" sauti ikatoka roshani, kisha kimya, mlinzi akageuza shingo, akaona wanawake kumi na mmoja waliovaa nyeupe pe, midomo imefungwa, wanatazama mbele.

Saa nne na nusu. Saa tano kasorobo. Jasho lilikuwa linamtiririka Mchungaji mgongoni mpaka kwenye mkanda. Kila alipofungua lile jicho, kiganja kifuani. Alipiga hesabu huku anasali: bado kaunti arobaini, dakika moja na kitu kila moja. Akaongeza kasi. Akaona anaongeza mno. Akapunguza. Kaunti ya Lyle aliiombea mpaka ghala lake la mahindi, kwa sababu akili ilikuwa imekwenda barabarani inamtafuta Beasley, na mdomo ukabaki unaendelea wenyewe.

Kaunti ya Spika ilikuwa Rutland. Mchungaji alipofika herufi R akairuka kwa makusudi. Akasikia nyundo ikiinuliwa mezani, akasikia ikisita hewani, akasikia ikirudishwa polepole. Spika alikuwa amengojea kaunti yake muda wote kama mtoto anayengoja zawadi. Sasa alidhani labda amewekwa mwisho kwa heshima.

Saa tano na dakika thelathini na nane, Mchungaji alifungua jicho. Kiti cha katikati roshani kilikuwa kitupu.

Akaiombea kaunti ya Wakefield bila kujua anasema nini. Akafungua tena. Dada Ozella alikuwa anarudi kutoka mlangoni, anatembea kwa ule mwendo wa sinia, hakukimbia, maana mhudumu hakimbii. Nyuma yake Dada Vesta alikuwa ameshika mdomo kwa glovu. Dada Ozella akafika mahali pake. Hakukaa. Akamtazama Mchungaji moja kwa moja kwenye lile jicho lililo wazi, akainua mkono wa kulia mbele yake, kiganja chini, akakata hewa kwa ulalo. Mara moja.

Viti vimekwisha. Hakuna tena.

Baadaye ilijulikana kwamba Beasley alikuwa maili arobaini mbali, amesimama juu ya boneti ya gari lake, amezungukwa na nguruwe mia tatu waliomwagika kutoka kwenye lori. Alikuwa amelipigia simu bunge kutoka kwenye kituo cha mafuta. Wakati ule Mchungaji hakujua nguruwe. Alijua mkono tu.

Hakuwa na la kufanya. Saa tano na arobaini. Akaiombea kaunti ya mwisho, na Rutland, kwa maneno machache. Alihisi kama mtu aliyebeba mzigo njia yote, akafika, akakuta nyumba imehamishwa. Akafikiri juu ya mkono ule wa glovu nyeupe. Dada Ozella ndiye aliyempa habari za kufutwa kwa jina lake mwenyewe, na mkono haukutetemeka.

Na hapo Mchungaji akakosea.

Kosa lenyewe lingeweza kumpata mhubiri tu, tena mhubiri mwenye miaka ishirini na miwili mimbarini. Alikuwa amechoka, macho yamefumbwa kweli sasa, yote mawili, sauti imefika pale inapofikaga mwisho wa kila mahubiri, pale inapotetemeka na kushuka. Mwili ukaendelea na kazi yake. Miguu ikatoka nyuma ya meza. Mkono wa kulia ukanyooka kuwaelekea watu, kiganja juu, na mdomo ukasema yale uliyoyasema kila Jumapili tangu aanze kuvaa kanzu:

"Milango ya kanisa iko wazi. Yupo mmoja? Yupo hata mmoja atakayekuja?"

Kule roshani wahudumu kumi na wawili wakasimama kwa pamoja, kwa sababu mwito ukitolewa mhudumu husimama. Koo zao zikaanza kuvuma chinichini, midomo imefungwa, wimbo usio na maneno. Mlinzi hakuwa na kanuni ya kukataza kuvuma. Na pale mlangoni mwa ukumbi mzee Crawford Tull, mweusi, tarishi wa bunge kwa miaka thelathini na shemasi kwao kwa miaka arobaini, hakufikiri hata kidogo: alichukua kiti, akakibeba kupita katikati ya waheshimiwa, akakiweka mbele, kinatazama watu, kama tunavyowawekea wanaotoka kuja kumpokea Bwana. Kisha akasimama kando yake na mikono nyuma.

Hapo Mchungaji akafungua macho.

Akaona mazulia mekundu. Akaona meza za mbao ya mkangazi. Akaona kiti kitupu, na Spika amefunua meno. Mungu wangu, akafikiri, niko wapi? Aibu ilimpanda kutoka kwenye nyayo. Mkono ulikuwa umenyooka, na hakujua aurudishe vipi. Nyuma kabisa mtu mmoja akaanza kucheka puani. Wa pili akadaka. Kicheko kikaanza kutembea safu kwa safu, na mwandishi mmoja wa gazeti alikuwa ameinuka ili aone vizuri. Kesho yake habari ingekuwa hiyo: mweusi aliyedhani bunge ni kanisa. Siyo majina elfu mbili. Siyo kuku wala saa nne hadi saa sita. Kiti.

"Mchungaji," Spika akasema kwa upole wa sumu, "nadhani ungependa..."

Kiti cha mtu kikalia krii kwenye sakafu.

Safu ya nne, upande wa Spika, Hoyt Cagle alikuwa amesimama. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Viatu vikaanza kutembea, na yeye akavifuata, ndiyo nitakavyosema, maana uso wake ulionekana kushangaa kuliko wa wote. Kicheko kikamfia kila aliyempita. Alitembea hadi mbele, urefu wake wote, masikio kama makaa, akafika kwenye kile kiti, akakikalia, akaweka mikono juu ya magoti kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

Ukumbi mzima ulisikia saa ikiruka dakika.

Mchungaji akainama. Desturi ina swali lake, na kwa wakati ule hakuwa na lingine kichwani. "Umekuja kwa ubatizo, ndugu," akanong'ona, "au kwa barua ya kuhama kutoka kanisa lako?"

"Sijui nimekujaje," Cagle akasema. "Nimeona nimesimama."

"Unaweza kurudi. Hakuna atakayekulaumu."

"Mama yangu je?" Cagle akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mchungaji, nikirudi pale kukaa saa hizi, nitakuwa nimekuja kufanya nini?"

"Amina!" Spika akapiga nyundo mpaka ikaruka. "Amina, amina! Muswada wa kwanza! Karani, ita majina!"

Alidhani kura zingali sare, akataka kumaliza upesi. Haraka hiyo ndiyo iliyotusaidia. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini na tisa.

Karani akaanza. Abernathy, hapana. Ainsley, ndiyo. Mchungaji alikuwa amerudi mahali pake, ameshika peremende ya Dada Ozella bila kuimenya mpaka ikayeyuka kwenye karatasi. Beasley. Kimya. Beasley. Hayupo. Bowen, hapana.

"Cagle."

Alikuwa bado yuko kwenye kile kiti, ametazamana na wote. Spika akamtazama. Katika yale macho daraja lote lilikuwamo, nguzo na vyuma vyake.

"Ndiyo," Cagle akasema.

"Sikusikia," karani akasema.

"Ndiyo."

"Mheshimiwa, rudia kwa..."

"Nimesema ndiyo, bwana! Unataka niiimbe?"

Majina yaliyobaki yalikuwa themanini na kitu, na Mchungaji hakupumua hata kwenye moja. Mtu mmoja tu wa upande wake akiogopa, imekwisha. Alipitia kila jina kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na mawe mengine anajua yanateleza. Jina la mwisho likaitwa mshale ukiwa dakika mbili kabla ya saa sita. Ndiyo hamsini. Hapana arobaini na nane.

Alitazama juu. Mkono mmoja mweupe ulikuwa umeinuliwa wima: mgeni amefika.

*

Hapo ndipo nilipokuwa nimemalizia, na niliona nimemaliza vizuri. Jumamosi iliyopita nilichukua karatasi zangu nikaenda jikoni kanisani kumsomea Dada Ozella mwenyewe, ana miaka tisini na minne sasa, macho yamefifia lakini masikio ni yaleyale. Alikuwa anachambua mboga za majani. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Sala ilikuwa dakika ngapi?" akaniuliza.

"Saa moja na dakika thelathini na tano."

"Ishirini na sita. Nilikuwa na saa mkononi. Spika alichelewa kufungua, walianza saa tano na robo."

"Ishirini na sita si kidogo, Dada."

"Aliziombea kaunti kumi na saba. Na hao nguruwe?"

"Mia tatu."

"Beasley alipasukiwa na tairi. Nguruwe hata mmoja hakuwapo." Akatupa bua. "Na viatu havikuyeyuka. Majivu yalikuwa na siku nne. Na wewe hukuwamo ukumbini."

Nikaanza kukunja karatasi zangu.

"Ulikuwa dereva wa basi. Nilikuacha ulinde kuku wa kukaanga, na tuliporudi mapaja sita hayakuwapo."

"Lakini Cagle..."

"Cagle ni kweli," akasema. "Kiti ni kweli. Yale ambayo watu hawayaamini ndiyo uliyoyaacha jinsi yalivyo." Akachambua jani. "Ila kuna kitu hukukijua, maana ulikuwa unakula. Watu mpaka leo wanasema Mchungaji alifanya makusudi, kwamba alikuwa mjanja. Aliniambia mwenyewe: Dada Ozella, nilisahau nilipo. Aliona haya mpaka kufa kwake. Alihisi ameuza mwito wa Bwana kwa kura moja, hata kama hakukusudia. Kila Pasaka alimwandikia Cagle barua ya kumwomba radhi."

"Na Cagle alijibu?"

"Kila mwaka. Neno moja, *Sihitaji.* Na daraja hakupata. Watu wake walivuka kwa mtumbwi miaka tisa zaidi, na wakamchagua vilevile." Akasukuma bakuli. "Jina langu lipo kitabuni. Novemba nilipiga kura. Sasa nivulie koti hilo, sikukuu ya wahudumu ni kesho, na karai la samaki liko nje."

Nilimwambia mgongo unaniuma. Akaweka kiganja kifuani. Bado. Kisha akanielekeza kwenye sabuni.

Masufuria yalikuwa kumi na tisa. Nimeyahesabu mara mbili, na yeye alikuwa amekaa mlangoni akinisikiliza.